Nilirudi Kigoma na ngoma tano

Mwezi uliopita jirani yetu wa hapa Katubuka alinijia jioni, kavaa khanga zake za kutokea, binti yake yuko nyuma yake. Nikajua leo hakuja kuomba chumvi. Binti kamaliza kidato cha nne, matokeo ya kawaida tu, ila anaimba, anacheza, na amesikia Bagamoyo kuna chuo. "Mwalimu," mama akaniambia (mtaani wananiita mwalimu ingawa chaki sijawahi kushika), "wewe ulikwenda kule ukarudi. Niambie ukweli. Watoto wa watu wanaishia wapi?"

Nikamwomba wiki moja. Usiku huo nikaingia kwenye kundi letu la WhatsApp la tuliomaliza 2016, ambalo siku zote ni la rambirambi na video za vichekesho, nikaandika: jamani, bila kujikweza, kila mtu aseme anakula nini. Tuko kumi na mmoja. Walijibu sita. Majibu yao nitayasema, lakini mengi humu ni yangu mwenyewe, maana makosa ninayoyajua vizuri ni yale niliyoyalipia.

Nilikwenda Bagamoyo 2013. Chuo chenyewe kilianza 1981, na tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa kwa kifupi. Baba yangu, mstaafu wa reli, aliwaambia wazee wenzake kwenye kahawa kule Ujiji kwamba binti yake amekwenda kusomea utalii. Sikumlaumu. Kwetu, msichana anayepiga ngoma unamwita harusini, unampa sahani ya pilau, anaondoka. Habari ya kumlipia ada huko hakuielewa, na kusema kweli hata mimi nilikuwa naielewa nusu. Kutoka Kigoma hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli, kisha basi la kwenda Bagamoyo. Ni karibu njia ileile ya misafara ya zamani ya pembe za ndovu: Ujiji, Tabora, mpaka pwani. Wenzangu wa pwani walipojua natoka Ujiji hawakuacha kuniuliza msafara wangu ulikuwa na pembe ngapi.

Tulifundishwa ngoma za makabila, uigizaji, muziki, sarakasi, uchoraji na uchongaji, ufundi wa jukwaa. Tulikuwa tunaitana kwa fani: yule Taa, yule Zeze, yule Brashi. Mimi nilikuwa Mkwiro, kwa sababu sikuweza kukaa bila kugonga kitu. Kulikuwa pia na kipindi cha uendeshaji wa shughuli za sanaa: bajeti, mikataba, namna ya kuandika andiko la mradi. Kilikuwa baada ya chakula cha mchana, na joto la pwani mnalijua. Nilikuwa nalala. Siku nyingine siendi kabisa, nashuka ufukweni kuangalia wavuvi. Kwa hiyo mtu asije akaniambia chuo hakikufundisha. Kilifundisha, mimi nilikuwa nimelala.

Kilichonidanganya zaidi ni ule ukumbi. Ule wa mwanzo uliungua 2002, wanafunzi waliotutangulia wakakaa miaka bila jukwaa, huu mpya ukaanza kutumika 2008. Sisi tulikuta taa zipo, viti vipo, na likija tamasha la kila mwaka watu wanakuja wenyewe: Wazungu, watu wa Dar, wenyeji na watoto wao. Unapiga ngoma, watu mia kadhaa wanasimama. Nikadhani kazi ya msanii ni hiyo, kupiga vizuri. Watazamaji wataletwa na mtu mwingine.

Novemba 2016 nikashuka stesheni ya Kigoma na stashahada kwenye bahasha ya kaki na ngoma tano. Mbili kubwa za ngozi ya ng'ombe, tatu ndogo za mbuzi. Mvua ilikuwa imeshaanza. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa harusi ya Mwanga, na nilipogonga ngoma ya kwanza ikatoa sauti kama mtu anayepiga godoro. Ngozi imelowa unyevu wa ziwa. Bagamoyo kulikuwa na jua na mtu wa kutuwashia moto; hapa niko peke yangu, gauni la sherehe mwilini, nazunguka nyuma ya jiko la watu naomba kaa la moto. Wapishi walicheka mpaka wakaacha kukoroga pilau. Tangu siku ile, kuanzia mvua za Oktoba mpaka Mei, sitoki bila jiko dogo na mkaa wangu kwenye kiroba, na nafika saa moja kabla. Ngoma haitaki moto wa haraka. Unaizungusha mbali kidogo na kaa, unaigonga, unaisikiliza, unaizungusha tena.

Mwaka ule wa kwanza nilikuwa kama mgeni kwetu. Nilikwenda kufanya onyesho Katonga, kijiji cha wavuvi, nikakuta wanawake na watoto tu. Mama yangu ameuza dagaa Kibirizi tangu nikiwa tumboni, na alipoona nimenuna akacheka: "Wewe umesoma, hukutazama juu? Ilikuwa giza." Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa, wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanaoa, wana hela ya giza lililopita mfukoni. Ukitaka watu kwenye kijiji cha ziwani, nenda mbalamwezi. Sasa hivi kalenda yangu ya kazi naipanga kwa mwezi wa angani kwanza, tarehe zinafuata.

Halafu ikaja 2018.

Taasisi moja, sitaitaja, ilitaka maigizo ya usafi na kunawa mikono vijijini upande wa Kasulu na Buhigwe. Maonyesho kumi. Afisa wao alikuja mwenyewe mpaka nyumbani, kijana mzuri, akamwamkia mama shikamoo, akanywa chai. Akaniuliza bei. Nikasema laki mbili na nusu kwa onyesho, kwa sababu namba ilikuwa inasikika kubwa mdomoni. Hakubishana hata kidogo. Leo ningejua hiyo nayo ni dalili. Jumla 2,500,000. Akatoa 600,000 ya kuanzia, akasema mkataba uko kwa wakubwa unasainiwa, sisi tuendelee.

Ngoja niwape hesabu, kwa sababu nisingependa mtu aifanye kama nilivyoifanya mimi, yaani baada ya kazi. Tulikuwa wasanii wanane ukiniondoa mimi, kila mmoja 15,000 kwa onyesho: 1,200,000 kwa yote kumi. Gari 70,000 kwa siku: 700,000. Chakula 24,000 kwa siku: 240,000. Maleba na vifaa 160,000. Jumla 2,300,000. Maana yake hata wangenilipa mpaka senti ya mwisho, ningebaki na laki mbili kwa kazi ya miezi miwili, na hapo sijahesabu mazoezi, vocha, wala ngozi moja iliyopasuka Manyovu.

Lakini kazi ilikuwa nzuri, niseme na hilo. Tulikuwa tunapiga ngoma pembeni ya soko, watu wakijaa tunaanza igizo, tukifika penye utata tunasimama, tunawauliza watazamaji: sasa huyu mama afanye nini? Kijiji kimoja bibi mmoja mfupi, kajifunga kitenge kifuani, aliingia katikati ya uwanja bila kuitwa. Akamnyang'anya mwigizaji wetu kopo la kunawia, akaligeuza chini juu. "Maji haya mnayomwaga mmeyatoa wapi? Hapa ndoo moja ni saa mbili. Nionyesheni kunawa kwa nusu kikombe." Watu wakapiga vigelegele. Usiku ule tuliandika upya igizo zima, likawa la nusu kikombe, na kuanzia hapo kila kijiji walikuwa wanatuomba turudi. Sijawahi kufanya kazi bora kuliko ile. Ndiyo maana ilinichukua muda kukasirika.

Onyesho la saba hela ya mafuta ikaisha. Nikampigia afisa, akajibu kwa meseji: "Endeleeni, mtalipwa." Nikachukua 200,000 kwenye mtaji wa mama wa mawese. Nyingine 300,000 nikakopa kausha damu. Wasioijua, ni ile mikopo ya mtaani isiyouliza swali. Nilitakiwa kurudisha 390,000 ndani ya wiki nne, na wiki ya tatu wakusanyaji walikuwa wameshakaa kwenye benchi la baba, barazani, wanasalimia wapita njia kwa sauti ili kila mtu ajue wanasubiri nini. Baba hakuniambia kitu. Alihamishia kiti chake ndani.

Tulimaliza maonyesho yote kumi. Nilipokwenda ofisini kwao nikakuta yule kijana amehamishwa. Aliyekalia kiti chake alinisikiliza kwa heshima kabisa, akaniuliza: "Mkataba uko wapi, dada?" Nikamwonyesha simu. Akasoma "mtalipwa", akainua macho. "Atakayewalipa hakutajwa hapa." Nilikwenda mara sita. Mara ya sita mlinzi ndiye aliyenionea huruma, akaniambia dada, hela ya nauli hizi ungeshafungua genge.

Nilikuwa nadaiwa 1,200,000 na watu wangu wanane, kausha damu juu yake, na mama. Nikauza ngoma tatu, laki na nusu kila moja, 450,000. 390,000 ikaenda kausha damu siku hiyohiyo, na iliyobaki nikamrudishia mama kidogo. Wasanii niliwalipa kwa miezi kumi na minne, elfu kumi huku, elfu ishirini kule. Wawili hawakunisubiri, walijitoa na maneno wakaacha, na walikuwa na haki. Mmoja wao tukikutana sokoni bado anaangalia nyanya.

Wakati ule nilitaka kuacha. Aliyenizuia ni Taa, na alinizuia kwa matusi. Chuoni tulikuwa tunamhurumia: wenzake tunapigiwa makofi, yeye yuko juu ya ngazi anafunga nyaya. Leo yuko Dodoma, anafunga taa na vipaza sauti kwenye kumbi za mikutano na harusi, na kati yetu sote ndiye mwenye nyumba. Alinitumia sauti ya dakika tisa. Akasema mimi nauza sanaa kama mtu anayeomba msamaha. Yeye hapandishi spika kwenye gari kabla nusu haijaingia, hata kama ni harusi ya mjomba wake. Na akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu: "Hao wakubwa wanaosaini, ulishawahi kumwona hata mmoja?"

Basi 2019 nikaanza upya, safari hii kwa karatasi. Nilikwenda kwa afisa utamaduni wa halmashauri, ofisi niliyoipita miaka mitatu nikiamini ni ya kusumbua watu. Afisa huyo ndiye aliyenieleza kwamba kazi mbili za serikali zilinipita kwa sababu kikundi hakikuwa na usajili wa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa; mtu alinitafuta akauliza cheti akaambiwa hana. Tukaandika katiba ya kikundi, kurasa nne, tukagombana siku mbili juu ya kipengele cha anayechelewa mazoezi. Tukachukua namba ya mlipakodi, tukafungua akaunti ya benki yenye sahihi tatu. Wazo la sahihi tatu lilikuwa la wasanii wangu. Walikuwa wananiambia kwa adabu kwamba hawaniamini.

Mkataba wangu sasa ni ukurasa mmoja. Idadi ya maonyesho, tarehe, mahali. Nani analipa gari. Nusu kabla ya kuondoka, nusu ndani ya siku kumi na nne baada ya onyesho la mwisho. Jina na cheo cha anayesaini, na mhuri. Anayeniambia "endeleeni" namjibu kwa upole kabisa kwamba ngoma zimelala, zitaamka na mhuri. Ankara yangu ikija kulipwa wanakata kodi ya zuio 5%, na hapo pia nilikuwa mjinga: miaka miwili nilidhani ni mtu ananiibia. Ni kodi halali, ila dai cheti chake, utakihitaji TRA, kwa watu wa mapato. Na mimi mwenyewe sasa ninajilipa. Kwenye hesabu kuna mstari wa msanii wa tisa.

Mikopo ya halmashauri ile isiyo na riba, 10% ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu, tulikuwa tunajiandaa kuiomba ikasimamishwa 2023. Iliporudi 2024 tulikuwa tumeshanunua vipaza sauti kwa jasho letu, hivyo sina ushuhuda nayo. Wanaokwenda waende na katiba, mihtasari ya vikao na taarifa ya benki, na waingie kwa ofisi ya maendeleo ya jamii mapema.

Mwaka huohuo wa 2024 ziwa lilifungwa kwa wavuvi miezi mitatu, 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Sikuwaza kwamba inanihusu. Harusi zilikauka kama dagaa juani. Mama akabaki na mawese peke yake, na mimi nikaishi kwa shule: watoto wa darasa la saba na kidato cha nne wana mahafali yao Septemba na Oktoba, na shule zinaanza kutafuta mtu wa kufundisha ngoma na maigizo mapema. Hiyo kazi nimeipata kwa mwenzetu mmoja anayefundisha muziki shule binafsi ya Mwanza. Alisema kwenye kundi, bila haya, kwamba mshahara wenyewe ni mdogo na mahafali ya shule za jirani ndiyo yanalipa kodi ya nyumba.

Majibu ya wengine, kwa kifupi. Zeze anapiga hotelini Zanzibar usiku tatu kwa wiki. 2020 watalii walipokatika alirudi kwao Tabora akauza asali ya nyuki wa miombo kando ya barabara, anasema alipata zaidi, ila vidole vilimuwasha, akarudi visiwani. Brashi naye yuko Tabora mjini, anachora kuta za shule za msingi: ramani ya Tanzania, moyo wa binadamu, tarakimu. Alicheka akisema ukikosea ufukwe wa Ziwa Tanganyika mwalimu mkuu anakukata nusu ya malipo, kwa hiyo hatanisahau kamwe. Mwingine yuko Kasulu, wakala wa pesa za simu, hajagusa jukwaa tangu 2017 na hataki kuulizwa. Mmoja ameolewa Mbeya, anaongoza kwaya. Wanne hawakujibu. Wawili kati yao najua wamesoma, alama za bluu zipo.

Ngoma zangu zilizouzwa, moja naijua ilipo. Iko kwenye kwaya Mwandiga. Nilipita pale Jumapili moja ya mvua nikaisikia kutoka barabarani, imelegea vibaya. Nikaingia, nikawaonyesha vijana namna ya kuizungusha kwenye kaa. Sikuwaambia ilikuwa yangu. Mbili zilizobaki ninazo, na nimetengeneza nyingine mbili, kwa hiyo ziko nne.

Yote haya nilimsimulia yule mama wiki ilipoisha, na kausha damu nikamsimulia. Ada na nauli nilimwambia aulizie mwenyewe, za wakati wangu zimepitwa. Alisikiliza mikono mapajani mpaka mwisho. Binti alikuwa anaangalia sakafu.

"Hicho kipindi cha mchana," mama akasema, "ulichokuwa unalala. Bado kipo?"

Nikamwambia kitakuwepo.

Akamgeukia binti yake, akamtazama kwa muda. Kisha akanyanyuka, akafungua fundo la khanga, akanihesabia elfu mbili nimpimie mawese ya mama.